Basi Litakuja Uliko

Zwelitsha,
13 Aprili 1997

Wifi yangu MaGiqwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyetuamsha leo. U mzima? Kile kifua kilichokubana siku za mazishi kimekuachia? Usiache kukipaka mafuta, na usilale dirisha wazi; Bloemfontein nasikia baridi yake haina adabu.

Sisi huku tunaamka, tunakula, tunalala, na Mungu ashukuriwe. Lindelwa ana mwalimu mpya anayempenda. Sakhumzi meno ya mbele yameng'oka yote, akiongea anapuliza. Kholosa ndiye anayeniua kwa maswali. Juzi kaniangalia na hizi nguo nyeusi, akasema, "Mama, na nguo zako nyingine zimekufa?" Nilicheka, wifi, kisha nikaingia jikoni nikafunga mlango.

Kushona sare za shule kunatulisha, lakini kwa kuvutana. Nimejifunza kabichi moja iende siku tatu: siku ya kwanza na viazi, ya pili na miguu ya kuku, ya tatu yale majani magumu ya nje ambayo zamani nilikuwa nawatupia kuku. Jumapili tunakula wali na kuku kidogo na boga, kama watu. Siku ambayo mkono mtupu kabisa nawavurugia ugali mkavu kwa maziwa mgando, na hiyo ndiyo wanayoipenda kuliko zote, wajinga wangu. Chama chetu cha chakula kinaendelea. Mimi kwa kuwa ni kizuka, mjane ndani ya msiba, siendi mikutanoni. MaDlomo, jirani wa ukuta wa pili, ananipelekea mchango wangu kila mwezi. Desemba tukinunua kwa magunia na kugawana, nitakuwa na unga, sukari, mafuta na mahindi ya kupondwa hadi majira ya baridi. Basi nikilala nalala na hilo.

Sasa nikuulize. Pasaka tulikungoja. Nilipika kichwa cha kondoo kwa ajili yako, watoto wakaenda kituoni Ijumaa Kuu, wakarudi. Wakaenda Jumamosi, wakarudi. Hukuja, wala hukuandika. Kulikoni?

Na lingine ndilo hasa. Unajua kaka yako marehemu kila Mwaka Mpya alikuwa akiwakusanya watu wa mtaa tukakodi basi kwenda baharini. Watu wamesema mwaka huu basi lipo, liwe ukumbusho wake. Watoto wanauliza nani atawapeleka. Mimi kizuka baharini? Haiwezekani. Nimewaambia shangazi yenu atakuja Desemba kama kawaida, ndiye atakayewapeleka. Kholosa ameanza kukuhesabia siku na hata kuhesabu hajui.

Nijibu.

Wifi yako,
Nombeko (MaBhele)

*

Bloemfontein,
25 Mei 1997

Kwa wifi yangu MaBhele,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, kifua kimepoa. Barua yako ilifika mapema, ila kazi nyingi. Nyumba hii ina vyumba ambavyo havilali mtu, na vyote vinataka kufagiliwa.

Nawatumia watoto masweta mawili na koti ambalo Lindelwa akikunja mikono litamfaa.

Mambo ya Pasaka tuyaache. Kazi ilibana.

Kuhusu bahari, MaBhele, samahani kukwambia, haitawezekana. Wazee wa nyumba hawaafiki. Kaka hajamaliza mwaka ardhini, watoto wake bado wana kitambaa cheusi begani, halafu waonekane wanaruka majini wanapiga kelele? Watu watasema nini? Watasema ukoo huu haujui kulia. Wakae nyumbani mwaka huu. Bahari haihami.

Tena kuna suala la chakula. Wewe mwenyewe umesema unavuta kamba. Basi kupakia vyakula kwenda kuvila mchangani ni ubadhirifu, na mwezi wa pili kuna karamu ya kukuvua nyeusi, ambayo nayo inataka kula. Akili ni nywele, lakini hii naona haihitaji nyingi.

Desemba sijui kama nitapata ruhusa. Usiwaahidi watoto.

Wasalimie.

Nosakhele

*

Zwelitsha,
8 Juni 1997

MaGiqwa,

Nakusalimu, na ninatumaini u mzima. Masweta yamefika, asante, yamewakaa vizuri. Sakhumzi halivui hata kulala. Kholosa alikuwa na homa, imepita. Nimemaliza salamu.

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko ilivyostahili. Nimesali kabla ya kushika kalamu, nikasali tena, na bado naikandamiza kalamu mpaka karatasi inatoboka, kwa hiyo utanisamehe mwandiko.

Ubadhirifu! Wewe unanifundisha mimi kubana chakula? Mimi ninayechemsha mifupa mpaka inang'aa? Ngoja nikuambie tunachokula huko baharini, maana umekisahau na wewe ulikuwa unakifuta mdomoni kwa mkono. Kuku mmoja mzee aliyeacha kutaga, ambaye hapa nyumbani angekula tu mahindi yangu bure. Makande yaliyolowekwa tangu jana yake, ili jiko lisinywe mafuta ya taa. Mkate wa mvuke. Tangawizi nimeichachua mwenyewe kwa zabibu kavu, imo kwenye chupa za mafuta nilizoziosha. Vyote kwenye kopo la aiskrimu, na hilo kopo lenyewe nilipewa. Hatununui kitu kule. Wenye pesa wakanunue viazi vya kukaanga, sisi tunawaangalia huku tumeshiba. Kaka yako alikuwa akisema bahari haina kiingilio. Umesahau?

Na wewe na mimi tunajua haikuwa hivyo siku zote. Tulipokuwa wasichana tulipewa upande wa miamba, tukikata nyayo, mchanga laini una wenyewe, wazungu, na ubao umesimama unatuambia hivyo. Leo ubao umeng'olewa. Watoto wa kaka yako Mthobeli wanaweza kukaa mchanga wowote wanaoutaka bila kumwomba mtu. Halafu anayewasimamishia ubao mwingine ni shangazi yao!

Watu watasema nini? Watu ndio waliokodi basi, wifi. Watu ndio waliosema liwe ukumbusho wake.

Nimevaa nyeusi hizi katika jua la Februari bila kunung'unika. Narudi nyumbani kabla jua halijazama. Kanisani nakaa benchi la nyuma, blauzi yangu nyekundu ya kina mama wanaosali Alhamisi imo sandukuni inanuka dawa ya nondo. Siongei kwa sauti, na unajua mimi kutokuongea kwa sauti ni kazi ya shokoa. Yote nafanya kwa kuwa nilimpenda, wala sikuhitaji wazee kunisukuma. Lakini watoto wamekosa nini? Lindelwa tangu mazishi hajaimba. Nilikuwa nataka siku moja tu apige kelele mahali ambapo mawimbi yatamzidi sauti.

Sasa nijibu swali moja, bila kona. Wazee gani? Nitajie majina.

MaBhele

*

Zwelitsha,
7 Septemba 1997

MaGiqwa,

Amani ya Bwana iwe nawe. Natumaini ni afya, si ugonjwa, iliyokunyima kuandika. Baridi imetuchapa lakini imeondoka. Nimeshona mpaka kidole kimeota sugu. MaDlomo anakusalimu, anasema bado anadai ile sufuria yake uliyoazima, nami nimemwambia Mungu atamlipa, asahau.

Umenyamaza Juni, Julai, Agosti. Basi sikukungoja.

Kaka yenu Mzimasi alipita hapa mwezi uliopita kuangalia zizi litakalofungiwa ng'ombe wa karamu. Nikampa chai na mkate. Nikakaa mkekani kama inavyonipasa, macho chini, nikamuuliza kwa heshima zote.

"Kaka, nasikia umekataza watoto kwenda baharini."

"Mimi? Nimekataza nini?"

"Bahari."

"Bahari ya nani?" Akaweka kikombe. "MaBhele, mimi ng'ombe wangu mwenyewe nikimkataza mto ananipita. Nitakataza bahari?"

"Imesemwa wazee hawaafiki."

"Wazee wa nyumba hii ndio mimi. Wengine wote nimewazika. Nani kakwambia?"

Nikamwongezea chai. Sikukutaja, wifi, ingawa ulistahili kutajwa kwa jina na ukoo.

Akaendelea mwenyewe: "Mwenye kufungwa ni wewe. Mtoto anavaa kitambaa, basi. Mtoto halii kwa kukaa chini. Ukimkalisha chini atauchukia msiba na mwenye msiba. Waende. Na wakikuta chumvi kidogo ya kusafishia nyama waniletee." Akachukua kipande kingine cha mkate, akaenda zake.

Haya. Wazee wamesema. Sasa aliyekataza ni nani? Umeweka maneno kinywani mwa mtu mzima aliyekuwa amekaa kwake hana habari. Ungeniambia "mimi sitaki," ningekasirika siku moja, nikaelewa au nisielewe. Lakini kunitisha na wazee! Unajua kizuka hana mdomo wa kuwauliza, ndiyo maana. Hilo ndilo linalonichoma. Ulijua sitauliza.

Nimeuliza.

Andika.

Nombeko

*

Bloemfontein,
12 Oktoba 1997

MaBhele,

Salamu. Mimi ni mzima. Huku mvua bado. Asante kwa kutonitaja kwa kaka, ingawa naona uliniweka pale pale mlangoni aone kivuli.

Unataka majina. Haya, jina ni langu. Ni mimi.

Na kwa kuwa hutaniacha nipumue, soma yote. Pasaka sikuwa Bloemfontein. Tajiri zangu wana nyumba ya likizo Kidd's Beach, baharini, walinichukua nikawapikie na kuwaangalizia watoto. Tulipita njia panda ya King William's Town, kibao nikakiona kwa macho yangu. Nilimwambia mke wa tajiri, "Mama, kwetu ni hapo tu, nilimzika kaka yangu juzi, nipe siku moja." Akasema, "Maria, wageni wanakuja kesho, tutaona baadaye." Mimi huku ni Maria, jina langu lenyewe haliwatoki mdomoni. Baadaye haikuja.

Siku ya pili tuko mchangani na wageni wake. Nimevaa aproni, na hapa begani kitambaa changu cheusi cha kaka. Mama akaniita pembeni kwa upole, maana yeye hafoki, angefoka ningeweza kukataa. "Maria, hicho kitambaa kinawahuzunisha watoto. Kitoe, ni likizo." Nikakitoa. Nikakitia mfukoni. Kutwa nzima nikakimbizana na watoto wake majini, wanacheka, na mimi nacheka maana ndiyo kazi. Jioni nikatia mkono mfukoni, hakimo. Nilirudi nikapekua mchanga mpaka nikaitwa.

Kaka yangu hajamaliza miezi miwili kaburini na mimi dada yake nimemvulia msiba wake katika mchezo wa watoto wa watu. Kwa hiyo ndiyo, nilitaka waliobaki wamlilie sawasawa. Nilitaka iwepo nyumba moja ambayo haikucheka baharini mwaka huu. Kama ni ujinga ni ujinga.

Desemba wananipeleka tena, hadi katikati ya Januari. Kwa hiyo mtu wa kuwapeleka watoto tafuta mwingine.

Usinijibu kwa hasira, nimechoka.

Nosakhele

*

Zwelitsha,
26 Oktoba 1997

Wifi yangu wa pekee,

Nakusalimu kwa machozi, uyapokee. U hali gani? Unakula? Usiniambie unakula, niambie nini.

Umesema nisikujibu kwa hasira. Basi hasira yote uliyoizoea nimeigeuza upande wa pili, na huko itakuta nyumba yenye vyumba visivyolala mtu.

Siku moja! Mtu kazika ndugu yake, anaomba siku moja, njia panda gari linaipita. Dereva angekanyaga breki tu. Mimi nimekaa hapa na kichwa cha kondoo kinapoa, wewe uko mwendo wa saa moja unakaanga samaki wa wageni! Na huyo mama kanisani anakwenda? Usinijibu. Najua anakwenda. Naomba Mungu anisamehe ninayoyawaza, wala sina uhakika kama namaanisha anisamehe.

Kitambaa kinawahuzunisha watoto. Wetu je, kinawachekesha?

Sikiliza nikuambie. Hukumvulia kaka yako msiba. Ulivuliwa. Mtu akinyang'anywa kanzu barabarani hatusemi alitembea uchi. Nimekushonea kitambaa kingine, kimo humu ndani ya bahasha. Kishone mwenyewe, na ushone kwenye ngozi ukiweza.

Sasa la basi. Nimemtuma MaDlomo kwenye mkutano wa basi, maana mimi siruhusiwi. Nilimwambia aseme, "Kizuka anaomba basi mwaka huu liende Kidd's Beach." Ananisimulia kulikuwa na vurugu. Yule Xolile wa redio alisimama akasema, "Huko hakuna hata baa! Ni wazee wa kizungu na mbwa wao! Tutacheza muziki tuwaamshe nani?" MaDlomo akamwambia, "Kaa chini, wewe muziki wako hata mbwa wataukimbia." Mwingine akauliza kwa nini huko. MaDlomo akasema, "Kizuka hajaeleza, nami sikumuuliza. Mwaka mzima amekaa kimya mwanamke yule, na nyote mnamjua alivyokuwa. Hili ndilo neno lake moja. Nani atamnyima?" Wakaangaliana. Hakuna anayetaka kumnyima kizuka. Ikapita.

Kwa hiyo hukupata ruhusa ya kuja kwetu. Sawa. Basi litakuja uliko. Tarehe mosi simama hapo hapo walipokusimamisha.

MaBhele

*

Bloemfontein,
16 Novemba 1997

MaBhele,

Natumaini hamjambo.

Usifanye hivyo. Nakuomba kwa jina la kaka. Wewe hujui ile sehemu. Basi la watu wenye masufuria na redio, halafu watoto wananikimbilia "Shangazi! Shangazi!" mbele ya wageni wake? Nitafukuzwa kabla chai haijapoa. Kazi ya miaka kumi na moja. Nikifukuzwa nani ataniandika kazi na miguu hii mibovu? Masweta yatatoka wapi?

Kitambaa nimekipata. Nimekiweka.

Wapeleke East London kama zamani. Wakija huku nitageuza uso, MaBhele, nakwambia kabla. Nitageuza uso, na wewe ndiye utakuwa umenifanya.

N.

*

Zwelitsha,
4 Januari 1998

Wifi yangu mpenzi MaGiqwa,

Nakusalimu katika mwaka mpya, ulioanza nasi tukiwa hai. U mzima? Nauliza kwa kumaanisha, kuliko barua zote nilizowahi kukuandikia, na mwishoni utajua kwa nini.

Barua yako ya Novemba ilinikalisha chini. Nilikwenda kwa MaDlomo kupitia uani, nikamwambia wabadilishe. Akasema, "Shoga yangu, watu wameshatoa nauli, dereva ameshaambiwa, na Xolile ameshatangaza kuwa atawafundisha wazungu kucheza. Basi hilo si mkokoteni, haligeuzwi." Niliwaza kuwabakisha watoto. Nikawatazama, nikashindwa. Halafu nikakasirika upya. Hofu yako niliiheshimu, lakini kwamba wewe umeogopeshwa mpaka hapo, mpaka unaapa kumgeuzia uso mtoto wa kaka yako, hilo sikuweza kulimeza hata kwa maji.

Ulikuwepo, unayajua. Lakini ngoja nikuambie yaliyofika hapa nyumbani, kwa mdomo wa MaDlomo na wa Lindelwa, maana mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda changu mlangoni nasikiliza mtaa usio na watu.

Asubuhi nilipowafungia chakula niliwaweka watatu mbele yangu. "Mtamwona shangazi yenu. Msimkimbilie. Msimwite. Yuko kazini kwa watu wakali. Kaeni na MaDlomo, mpeni shangazi mgongo, mle chakula chenu. Akija, amekuja. Asipokuja, anawapenda vile vile." Kholosa akauliza, "Na yeye akituita?" Nikasema, "Akiwaita, kimbieni mpaka mvunjike miguu."

MaDlomo anasema mliposikia basi linakuja na nyimbo, watu wote wa ufukweni waligeuka. Wakashuka watu wa mtaa wetu na masufuria yao, wakatandika mablanketi. Anasema alikuona mara moja, kando ya mwavuli mkubwa, taulo mikononi. "Wifi yako alisimama kama nguzo ya umeme." Watoto wakakuona. Lindelwa akawashika wadogo zake mikono, wakakaa, wote watatu, wakakupa mgongo. Sakhumzi mabega yanatetemeka, lakini hakugeuka. Wakafungua kopo wakaanza kula makande, wanatazama matope ya maegesho ya magari na bahari iko nyuma yao. MaDlomo, ambaye hajawahi kulia nikaona, alipofika hapa katika kunisimulia ilibidi aombe maji.

Anasema uliwatazama mpaka wakafika nusu ya kopo. Kisha ukaliweka taulo chini, ukaja mpaka nyuma yao.

"Nani aliwafundisha kumpa shangazi mgongo?" Ndivyo ulivyosema, eti?

Na Lindelwa, bila kugeuka: "Mama. Alisema usije ukafukuzwa."

"Geukeni."

"Umetuita?"

"Nimewaita, nyie watoto wa Giqwa, nimewaita!"

Basi. Wanasema ulikaa mchangani na aproni yako, ukaomba sahani. Wanasema kitambaa kilikuwa begani, kimeshonwa kwa uzi mwekundu kwa kuwa mweusi hukuupata. Sikujua kuwa umekivaa mpaka Kholosa aliponiambia. Wale watoto wawili wa tajiri yako wakakufuata toka majini wenyewe, maana kwao mtu ni wewe, wakakuta watu wanakula, nao wakanyoosha mikono. Lindelwa akawakatia mkate wa mvuke.

Mama yao akaja. MaDlomo anamwigiza vizuri mno, Mungu amsamehe. "Maria, watoto hawajakaushwa."

Nawe ukamwambia, na hili nilimfanya MaDlomo alirudie mara tatu: "Mimi ni Nosakhele. Nakula na watoto wa kaka yangu. Nikimaliza nitawakausha. Taulo liko pale."

Watu wakaacha kutafuna. Hata redio ya Xolile, wanasema, ilikuwa imekwisha betri kwa rehema ya Mungu. Na MaDlomo, ambaye hawezi kuona mtu amesimama karibu na chakula akamwacha, akamnyooshea paja. "Mama, karibu, kuku." Yule mama akalitazama lile paja, akamtazama MaDlomo, akasema, "Hapana, asante." Halafu akasema, "Tutazungumza jioni," akawachukua wanawe, wakiwa na mkate midomoni.

Wifi, nimesamehe mengi mwaka huu. Lakini kukataa kuku wangu? Alikosa nini kuku wangu? Nimemchemsha tangu alfajiri, nimemwekea majani ya kitunguu, nyama imeachia mfupa. Hakika kuna watu Mungu aliwapa kila kitu akasahau kuwapa haya.

Mkacheza majini mpaka basi likapiga honi. Lindelwa alirudi hana sauti. Nilimuuliza, "Sauti imekwenda wapi?" Akaninong'oneza, "Nimeiacha kule, Mama." Tangu jana asubuhi imerudi, na anaimba, anatuchosha kwa kuimba, MaDlomo anagonga ukuta. Mzimasi ameletewa chumvi kwenye chupa, maji ya bahari yenye mchanga ndani, kaipokea kama mfalme.

Lakini basi liliondoka na wewe ukabaki. Kholosa anasema ulisimama barabarani ukipunga mkono mpaka kona. Na jioni ilikuwa inakuja, ile jioni ya kuzungumza. Ndiyo sijui mimi. Tangu tarehe mosi sijui, na sipati usingizi kwa kutojua.

Nosakhele, nisikilize. Chama kimegawa. Chumba cha nyuma, kile alichokuwa akilala Mthobeli siku alizokohoa, kimejaa: unga magunia, mahindi ya kupondwa, sukari, mafuta, sabuni, maharage. Nimekaa nikapiga hesabu ya midomo. Sikupiga ya minne. Nimepiga ya mitano, na chakula kimefika. Kama wamekufukuza, funga sanduku lako uje. Usiwabembeleze hata kwa neno moja. Una miguu mibovu, lakini mikono unayo, na sare za Januari zimenizidi. Utashona vifungo umekaa. Mwezi wa pili nikivuliwa nyeusi nataka uwe umesimama kando yangu, si kwenye jiko la mtu.

Na kama hawakukufukuza, niambie pia, maana nimeandaa hasira nyingi na sitaki ioze bure.

Nijibu upesi, wifi. Hata mstari mmoja.

Wako katika Bwana,
Nombeko